Hawa Dagaa Wachafu Vipi?

Soko la Mwanga, Kigoma mjini, saa tatu asubuhi. Mama mmoja anachota dagaa kiganja kizima, anawatikisa, anaangalia kilichobaki mkononi, anawarudisha kwenye fungu.

"Hawa wachafu."

"Wachafu vipi, mama?" Mwenye meza wala hakuinuka.

"Si wana mchanga hawa."

"Aa, mchanga! Mchanga si uchafu, mchanga unatoka. Ukitaka wachafu nenda meza ile ya kona, wale walinyeshewa juzi."

Mama akacheka, akapimiwa visado viwili, akaenda zake. Biashara ikaisha hapo. Mimi ndiye niliyebaki na majibizano yale, na wiki kadhaa zimepita bado yananizunguka, kwa sababu wote wawili walikuwa wanajua wanachosema na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Mwenye meza alitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu tunayafunga furushi moja. Kuna uchafu uliokaa juu ya kitu. Na kuna kitu chenyewe kilichokwisha kugeuka. Wa kwanza unaoshwa. Wa pili ukiuosha unauongeza.

Nikaanza kulipima neno hili kwenye vitu vya huku kwetu: dagaa, mawese, maji ya ziwa, asali ya wenzetu wa Tabora. Kila nilipogusa nikakuta uchafu wa aina yake na dawa yake, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Mchanga

Dagaa anapofika mwaloni, pale mitumbwi inapotua, alfajiri, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na ngozi yake ina utelezi. Ute huo ndio gundi. Ukimwanika chini, kila chembe inayomgusa inashikwa, na jua likishapiga, chembe ile inakauka pamoja na ngozi. Kungekuwa na hiyo tu, maji yangetosha. Shida ni matumbo yaliyopasuka na matamvua: mchanga ukishaingia humo hautoki kwa kutikisa. Ndiyo maana wapishi wengi huku hukata vichwa. Watu husema ni kwa sababu ya uchungu, na ni kweli, lakini nusu ya sababu ni mchanga.

Kichanja kinaondoa tatizo lenyewe, si mchanga peke yake. Ni fremu ya miti yenye kimo cha kiuno, juu yake wavu wenye matundu madogo. Hewa inapita chini na juu, kwa hiyo dagaa anakauka pande zote mbili kwa pamoja. Walioanikwa chini wanakauka mgongo huku tumbo likichemka kwenye mchanga wa moto, na tumbo ndilo linalopasuka kwanza.

Lakini kichanja nacho kina masharti. Dagaa waoshwe kabla ya kuanikwa ili ute upungue. Anayetaka wakae zaidi awapitishe kwenye maji ya chumvi. Watandazwe tabaka moja. Ukiweka mawili, wa chini wanabaki na unyevu, na wakati wa kupakia hutawaona kwa sababu wa juu wanang'aa kama fedha. Wageuzwe kabla jua halijawa kali kupita kiasi. Mvua ikitishia, turubai lisilale juu ya samaki wenyewe. Linyanyuliwe kwa miti, vinginevyo wanatoa jasho chini yake na kazi ya asubuhi nzima inarudi mwanzo. Siku ya jua zuri moja hadi mbili inatosha. Kilo nne za wabichi zinakupa kilo moja ya wakavu, kasoro au zaidi kidogo.

Sasa, kwa nini watu bado wanaanika chini? Si ujinga. Mchanga ni bure na ni mpana. Usiku wa uvuvi mzuri unaleta dagaa wengi kuliko vichanja vilivyopo, na dagaa hasubiri.

Kuna jambo lingine sokoni ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: kipimo. Anayeuza kwa kilo anafaidika na mchanga, na anafaidika na unyevu, kwa sababu vyote viwili vina uzito. Anayeuza kwa kisado hapati kitu. Mchanga unashuka kwenye mianya bila kuongeza ujazo, na dagaa wenye unyevu ni walegevu, wanashikamana, kwa hiyo wanaingia wengi zaidi kwenye kisado kimoja. Muuzaji wa kisado anawapenda wakavu, wagumu, waliojipinda, maana ndio wanaojaza chombo haraka. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu kwa uchafu, angalia anapimia nini.

Jikoni, kosa linalorudiwa ni moja. Watu wanaloweka dagaa kwenye beseni, wanakoroga, halafu wanamimina vyote kwenye chujio. Mchanga uliokuwa umetua chini ya beseni unamwagika mwisho, juu ya dagaa. Umewaosha, umewarudishia. Fanya hivi: maji ya uvuguvugu mengi kuliko dagaa, dakika chache tu, sugua kwa vidole, kisha opoa dagaa kwa mikono na kuwahamishia beseni la pili. Maji ya kwanza yamwage, pitisha kidole chini ya beseni. Rudia mpaka kidole kisipate chembe. Kwa kawaida ni mara tatu, na waliokatwa vichwa hutoka mapema zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka yule mwenye meza. "Mchanga unatoka" ni kweli kwa mwenye bomba. Kwa anayenunua maji kwa dumu, mabeseni matatu ni gharama, na gharama hiyo imehamishwa kutoka mwaloni mpaka jikoni kwake bila kuandikwa popote.

Walionyeshewa

Meza ya kona ilikuwa na dagaa wanaopendeza. Hawana mchanga hata kidogo. Pengine mvua yenyewe ndiyo iliyowaosha.

Samaki mkavu akiwa na unyevu chini ya asilimia 25, bakteria wengi hawafanyi kazi. Ukungu ni mkaidi zaidi: unasimama unyevu ukishuka chini ya asilimia 15. Kati ya namba hizo mbili ndipo penye mtego. Dagaa anaonekana mkavu, hanuki, ameacha kuoza, lakini ukungu una nafasi yake. Mfunge kwenye gunia, lipange stoo, na baada ya wiki mbili tatu fungua katikati.

Hakuna mtu mwenye kifaa cha kupimia sokoni, kwa hiyo tumia vidole. Mpinde dagaa. Akivunjika kwa mlio, amekauka. Akipinda na kukaa hivyo, bado. Ingiza mkono katikati ya gunia badala ya kugusa juu. Ukihisi joto, ondoka. Angalia tumbo: rangi ya njano iliyokolea, yenye harufu kali ya mafuta yaliyokaa, ni mafuta ya samaki yaliyochacha kwa hewa na jua. Hilo halioshwi. Vijitundu na unga unga mwekundu-kahawia chini ya gunia ni kazi ya mbawakawa na mabuu wao, ambao huja kwa samaki wasiokolea kukauka au waliokaa stoo chafu.

Na hapa ndipo kuosha kunapogeuka kuwa kosa. Mtu anayetaka kuuza "dagaa safi" anaosha wakavu wenye mchanga, anawaanika jioni, asubuhi anafunga. Ametoa mchanga uliokuwa unakwaruza meno, ameingiza maji. Kama umeosha, pika. Au anika upya, jua kamili, mpaka wavunjike tena.

Waliovunjikavunjika na wenye mchanga mwingi huenda kwenye chakula cha kuku, na huko si wachafu tena. Ni protini yenye mchanga ndani yake. Ila wenye ukungu hata kuku asipewe. Sumu za ukungu hazichagui mdomo.

Mafuta yanayokwaruza koo

Mawese yana jina baya kwa dobi. Doa lake likishakaa kwenye shati jeupe, maneno machafu yanafuata. Basi tumalize la doa kwanza: usikimbilie maji. Paka sabuni ya maji ya vyombo juu ya kitambaa kikavu, isugue iingie ndani ya mafuta, ndipo ulete maji ya moto kiasi. Mafuta yakitoka, rangi ya machungwa inaweza kubaki. Hiyo ni karotini, na karotini haipendi jua. Anika lile doa litazame juu, na jua litalimaliza lenyewe. Jiki kwenye kanga itaondoa doa pamoja na maua na methali. Damu ni kinyume kabisa: maji baridi kwanza, kwa sababu moto unaigandisha kwenye uzi.

Nani anajali doa, lakini. Uchafu wa mawese ulio mkubwa hauna rangi.

Chikichi ikichubuka au ikikaa baada ya kukatwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kuvunja mafuta na kuyageuza asidi. Mafuta yenye asidi nyingi ni mekundu yale yale, maangavu yale yale, ila yakipita kooni yanakwaruza, na hayakai. Kiwango kinachotumika sana kwenye biashara ya mafuta ghafi ya mawese ni asidi isiyozidi asilimia 5. Ya mtaani yanaweza kupita hapo kwa urahisi, na sababu ni desturi moja inayoeleweka: mkungu hukatwa ukaachwa siku kadhaa ili chikichi zilegee na kung'oka bila kuumiza mikono. Kila siku ya kusubiri ni asidi inaongezeka.

Kinachosimamisha kimeng'enya ni moto. Kata mkungu ukiona chikichi chache zimeanguka zenyewe chini ya mti, usisubiri zianguke nyingi. Chambua, na chemsha siku hiyo hiyo au kesho yake. Twanga zikiwa bado za moto, kamua, kisha rudisha mafuta jikoni kwa moto mdogo. Sikiliza. Mafuta yenye maji yanapiga mlio wa kupasukapasuka. Mlio ukikoma, maji yamekwisha. Hapo epua. Ukiendelea kuyachoma, nyekundu inakufa na karotini ambayo watu wanaisifia imekwenda. Yaache yatulie usiku kucha, chota ya juu, usiguse mashapo. Chombo kiwe kikavu na kijazwe mpaka shingoni, maana nafasi tupu ni hewa, na hewa inachachusha.

Chujio hapa halisaidii kitu. Unaweza kuchuja mawese yenye asidi kwa kitambaa cha hariri na yakatoka na asidi yake yote. Lakini mpeleke mtengeneza sabuni mafuta hayo hayo, atayachukua bila kukunja uso. Kwake asidi si kasoro, inakutana na magadi ya moto na kuwa sabuni upesi zaidi. Yaani mafuta machafu kupita yote sokoni ndiyo yanayokwenda kutengeneza kitu cha kusafishia. Nimelifikiria jambo hili zaidi ya linavyostahili.

Ujiji wana mizani nyingine

Mpaka hapo nilikuwa najiambia: chafu ni kitu kisichofaa kwa kazi yake. Nikaridhika nayo kwa siku kadhaa.

Kisha nikakumbuka tahara, yaani usafi wa ibada katika Uislamu, na hesabu ikaharibika.

Kwa fikihi, yaani sheria ya dini, ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao na wa miji kama Ujiji, uchafu na najisi havilingani. Fundi aliyetoka shambani na tope mpaka magotini, mawese kifuani, magamba ya samaki kwenye mikono, nguo zake ni tahara. Tope ni tahara. Samaki aliyekufa ni tahara, tofauti na nyamafu ya wanyama wengine wengi. Atapendeza akioga kabla ya kwenda msikitini, lakini swala yake haibatiliki kwa tope. Mwenzake amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kwenye pindo kuna tone la mkojo lililokauka ambalo hakuna jicho linaloliona. Huyo ndiye mwenye la kusafisha.

Na usafishaji una daraja tatu, kila moja na kipimo chake. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajafika miaka miwili na hajala ila maziwa, hunyunyiziwa maji yakaenea mahali pake. Najisi ya kawaida, mkojo wa mtu mzima, damu, kinyesi, huoshwa mpaka rangi, harufu na ladha viondoke. Ikibaki rangi peke yake au harufu peke yake baada ya kusuguliwa vya kutosha, inasamehewa. Na ya mbwa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo.

Udongo! Kile ambacho kila mama anamfokea mtoto kukiingiza ndani, hapa ndicho kinachosafisha.

Kinachonivutia zaidi ni maji. Maji yaliyo chini ya kulla mbili, kipimo cha kale cha mitungi mikubwa ambacho baadhi hukadiria kuwa lita 216 hivi, yakiguswa na najisi yananajisika hata kama hayakubadilika kitu. Yakifika kiasi hicho au zaidi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Matokeo yake jikoni na uani ni makubwa: usichovye nguo yenye najisi kwenye beseni. Beseni lina lita 20, 30. Umeharibu maji yote na nguo haijatoharika. Weka nguo, mimina maji juu yake, yapite yaende zake. Ni tofauti ya nani anamfuata nani, maji au kitu. Anayeosha dagaa kwa kuwaopoa anajua jambo linalofanana na hilo, ingawa hajalisomea madrasa.

Kwa hiyo ile tafsiri yangu ya "kisichofaa kwa kazi yake" ilibaki imesimama mguu mmoja. Unaweza kuitetea, ukisema kazi ya kanzu ile ilikuwa swala. Lakini najisi haitokani na kuharibika kwa kitu. Imetajwa. Ina orodha yake, na pua yako haikuulizwa.

Na fedha je? Zinaitwa chafu, na Tanzania ina sheria ya tangu 2006 ya kuzuia watu wasizitakatishe. Noti ni zile zile, pengine mpya za kunuka wino. Huku uchafu umo katika historia ya kitu tu, na kosa lenyewe ni kuosha. Naliacha hapo, wanasheria wana blogu zao.

Ziwa likichafuka

Mvuvi wa Kibirizi akisema ziwa limechafuka hana maana ya takataka. Ana maana upepo umeingia, mawimbi yamekuwa makubwa, hakuna anayetoka usiku huo. Siku ziwa likiwa shwari unaona mawe ya chini mpaka kina kirefu. Kwenye maji mazuri ya Tanganyika macho hufika mita 20.

Uangavu huo umedanganya watu wengi.

Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi kwa makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Vyoo havikutosha, na ziwa lilikuwa pale miguuni, linameta. Kipindupindu kikalipuka. Maelfu waliugua na watu wasiopungua 30 wakafa, wakati MV Liemba ikiwahamisha kwa awamu kuwaleta Kigoma mjini. Vimelea vya kipindupindu haviyatii maji rangi. Glasi yenye navyo na glasi isiyo navyo, ziweke dirishani, hutazitofautisha.

Kinyume chake pia ni kweli, na watu hukisahau: maji ya tope si lazima yawe na ugonjwa, ila tope linazuia dawa. Klorini haichagui. Inaungua kwa kila kitu kilichooza kinachoelea, na ukiiweka kwenye maji ya mto yaliyovurugika, inaishia kupambana na matope na majani kabla haijawafikia vimelea. Ndiyo maana mpangilio ni lazima ufuatwe. Acha maji yatulie. Chota ya juu, pitisha kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Ndipo utie dawa: vidonge vingi vya dukani vimepimiwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, na yakiwa bado hayajawa maangavu paketi hukuelekeza kuongeza. Koroga, funika, subiri nusu saa. Mwenye kuchemsha asubiri yatokote kwa nguvu dakika nzima. Mvuke tu hautoshi. Kisha chombo chenye mfuniko, na kata yenye mpini mrefu, kwa sababu maji mengi yaliyochemshwa vizuri huharibiwa na mkono unaochota.

Turudi kwenye upepo, kwa sababu una siri. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake ya chini hayana hewa. Kila kinachokufa juu kinazama huko na virutubisho vyake. Maji ya juu yakibaki peke yake, yanakuwa maangavu na matupu, hayana cha kulisha mimea midogo inayoelea, na bila hiyo vijidudu vinavyoliwa na dagaa havipo. Kinachorudisha virutubisho juu ni upepo wa kiangazi, ule wa kusini unaovuma kati ya Mei na Septemba, unaosukuma maji ya juu na kuruhusu ya chini kupanda.

Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa limeongezeka joto, tabaka la juu limekuwa jepesi zaidi, kuchanganyika kumepungua, na chakula cha samaki kimepungua nacho.

Maji safi kupita kiasi ni maji yenye njaa. Mvuvi anayelalamika kwamba ziwa limechafuka wiki nzima analalamikia kitu kile kile kinacholisha dagaa wake.

Ndoo ya Tabora

Asali nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi.

Ukipokea ndoo kutoka Sikonge, Tabora, ya mzinga wa gome uliorinwa usiku kwa mwenge, juu utaona povu, vipande vya nta, mguu wa nyuki, pengine chembe ya mkaa. Mnunuzi wa mjini anasema chafu. Na viwango vya kimataifa vya asali vinampa haki kwa kiasi fulani: vitu visivyoyeyuka visizidi gramu 0.1 kwa kila gramu 100, au 0.5 kwa asali ya kukamua. Ndoo ya lita 20 inabeba asali kilo 28 hivi, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Kwa kiwango kile cha kwanza, umeruhusiwa gramu 28 za takataka kwenye ndoo nzima. Hizo ni kama vijiko viwili vya chakula vya vipande vya nta.

Kuvitoa si kazi ngumu. Tenga masega ya asali na yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, tangu ukiwa mtini. Majana yakikamuliwa pamoja na asali yanaacha maji na ladha ya nyama. Chuja kwa wavu mpana, kisha mwembamba. Iache ndoo imefunikwa siku moja au mbili mahali pa joto la chumba. Nta na povu vitapanda, vikwangue. Toa asali kwa bomba la chini ya ndoo. Hakuna moto uliohusika.

Moto ndio unaoharibu. Asali nzito haipiti chujio haraka, na mtu mwenye haraka anaichemsha. Inapita kama maji, inang'aa, inapendeza kwenye chupa, na ndani yake kemikali iitwayo HMF inapanda. Kiwango ni miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu. Maabara ikipima, ndoo ile inayong'aa ndiyo inayokataliwa.

Unyevu nao haukai machoni. Mwisho ni asilimia 20. Ikizidi, hamira za asili zilizomo zinaamka, mfuniko unavimba, inanuka pombe. Nyuki huziba seli kwa nta pale asali inapokuwa imekolea, kwa hiyo sega lililozibwa chini ya robo tatu liachwe. Ikishachacha haina marekebisho. Ina wanzuki, pombe ya asali, na wanzuki una wateja wake waaminifu.

Chombo ni uchafu mwingine. Asali ina asidi, na ikikaa kwenye debe la bati inakula ile bati na kutu yake. Ndoo ya plastiki iliyowahi kubeba rangi au mafuta ya taa haioshwi ikatosha. Na Tabora ni mkoa wa tumbaku, kwa hiyo mnunuzi makini huuliza mizinga iko umbali gani na mashamba yanayopigwa dawa, maana kitambaa hakichuji dawa ya wadudu.

Halafu kuna asali iliyoganda, ambayo kila mwaka inaitwa ya sukari. Kuganda ni tabia ya asali. Weka chupa ndani ya maji yenye moto ambao mkono unaweza kuuvumilia, digrii 40 hivi, ukibadilisha maji yakipoa, itarudi. Majaribio ya kiberiti, karatasi na glasi ya maji hayathibitishi kitu.

Linalonisumbua ni hili. Kuna kuchuja kunakoenda mbali zaidi, kwa shinikizo na matundu madogo mno, mpaka chavua inatoka. Asali hiyo haina chembe, inakaa muda mrefu bila kuganda, rafu za madukani zinaipenda. Lakini chavua ndiyo inayomwambia mtaalamu nyuki walitua kwenye maua gani. Ukiitoa, umeondoa ushahidi kwamba asali ilitoka kwenye miombo ya Tabora na si mahali pengine. Sijapata jibu la kuniridhisha la nani aamue kwamba chavua ni taka. Ila kati ya chupa inayong'aa mpaka unasoma gazeti ng'ambo yake na ile iliyofifia kidogo, mimi nanunua ya pili, mradi nimeiona ndoo iliyotoka na haikuwa ya rangi ya nyumba.